Shahidi wa Nyumba ya Mchafukoge

Mchafukoge,
Dar es Salaam.
Februari 11.

Mdogo wangu Melkiori,

Marahaba. Naitanguliza kwa sababu najua ukiuona mwandiko wangu utaniamkia hata kama uko peke yako migombani, maana ndivyo Mama alivyotulea. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Magoti yanagoma nikipanda ngazi, lakini mdomo una afya njema, kama utakavyoona mwenyewe kadiri unavyosoma. Natumaini wewe na wifi yangu Ritha ni wazima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Je, yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Na ule mfereji wa juu mmeshauzibua, au bado mnangojeana kama kawaida ya watu wa Kibosho? Huku sisi tunaungua. Joto la Februari hapa Dar linafanya hata wapiga debe wa Mtaa wa Sikukuu wapunguze sauti, na hao, kama unavyojua, si watu wa kupunguza kitu.

Biashara inaenda. Baada ya sikukuu watu hawanunui vyombo, wanaosha vile walivyonavyo, kwa hiyo Januari nilikaa dukani nikiyatazama mabeseni yangu nayo yakinitazama. Sasa wateja wa mikoani wameanza kurudi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo na wewe unayo. Ni kwa sababu nikikupigia unaweka spika ili wifi naye asikie, wifi akisikia Polycarp ameshasikia, na mimi nikifika kwenye neno la tatu wewe unanijibu la kwanza. Neno hili nataka ulisikie lote mpaka mwisho, ndipo uanze kunijibu. Anayekuletea barua ni mwanao Jovin, nimempa ruhusa ya siku chache dukani. Nimemsomea yote, anajua kilichomo, na hakubaliani nami. Hata hivyo ameichukua.

Kwanza nawashukuru kwa Krismasi. Nilikula nikasahau kama nina daktari, na ile pombe ya mbege ya wifi mwaka huu haikuwa na mpinzani. Lakini kuna siku moja imenikaa. Ni ile siku ya pili, tulipokuwa tumekaa uani kwa Baba, ukoo mzima, mkaanza kuizungumzia nyumba yangu ya Mchafukoge. Sikuolewa na sikuzaa. Hayo yameshazungumzwa kwenye familia yetu mpaka yamechakaa, na kwa desturi yetu mali ya dada asiye na mtoto inarudi kwa ndugu yake wa kiume. Kwa hiyo sikushangaa kwamba mnaizungumzia. Nilichoshangaa ni kwamba mlikuwa mnaizungumzia mbele yangu kama watu waliotoka kunizika makaburini. Polycarp, kwa kuwa ni mtoto wa baba mkubwa na hujiona ndiye mdomo wa ukoo, alisema nyumba ya chini katikati ya mji ni umaskini wa kujitakia. Alisema wenzetu wote wameshabomoa wakapandisha ghorofa, chini fremu za maduka, juu stoo, na kwamba siku hizi huhitaji hata senti yako, anakuja mwekezaji, anajenga yeye, mnagawana sakafu. Wengine wakaanza kuzigawana sakafu hizo palepale. Wewe ulikuwa unakata nyama na hukusema neno. Niliona ni mazungumzo ya mbege, nikacheka, nikaomba niongezewe supu.

Nilirudi Dar baada ya Mwaka Mpya. Nilipofika nyumbani nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli, na funguo ameachiwa muuza kahawa wa pale kona. Ndani hamkuwa na mtu. Kamba za uani hazikuwa na nguo hata moja, jiko limepoa, vyumba vimefagiwa vizuri, mikeka imekunjwa na kusimamishwa ukutani. Mabeseni yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa, yamefunikwa. Nilitoka tena nje kumuuliza muuza kahawa, na ndipo nilipoinua macho nikaona kitu ambacho sikukiona wakati naingia kwa sababu nilikuwa nahangaika na mizigo. Kwenye ukuta wa mbele, kando ya mlango, kulikuwa na alama ya X ya rangi nyekundu, kubwa kama mlango wenyewe. Nyingine ilikuwa pembeni, kuelekea kichochoroni.

Hata wewe usiyependa mji unaijua alama hiyo. Umeiona kwenye nyumba za kando ya barabara kuu, kutoka Moshi mpaka huku. X nyekundu ukutani nchi hii haina tafsiri mbili. Nyumba inabomolewa, toa vyombo vyako.

Hapa inanibidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ninyi wote mnadhani mle ndani nina wapangaji. Hamkuniuliza, nami sikuwaeleza. Si wapangaji.

Unajua kazi yangu. Nauza kwa jumla, mabeseni, ndoo, chupa za chai, sufuria, mzigo wa Mtwara na wa Songea na wa Kigoma. Lakini anayetaka kimoja namuuzia kimoja. Na ukikaa Kariakoo muda niliokaa mimi, unamjua mtu kwa anachonunua kabla hajafungua mdomo. Bibi harusi ananunua seti. Mama lishe ananunua sufuria kubwa na anabishana mpaka unamkimbia. Mwenye mgonjwa ananunua beseni moja dogo, chupa ya chai moja, kikombe kimoja chenye mfuniko, kijiko. Hapunguziwi bei kwa sababu haombi. Analipa na kuondoka, macho yake hayapo dukani. Sasa, jirani yangu wa fremu ya pili ni Moza, anauza mikeka, na ni yeye aliyeniambia kwamba wateja wangu hao wakitoka kwangu wanapita kwake kuchukua mkeka. Nilimuuliza mkeka wa nini wakati hospitali ina vitanda. Moza alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto, akaniambia kitanda ni cha mgonjwa, dada, wewe unadhani anayemuuguza analala wapi.

Ndivyo nilivyomfahamu Mwanamkuu. Ni mama wa makamo kutoka Liwale, anamuuguza mjukuu wake, binti mdogo anaitwa Sofia, mwenye saratani ya damu. Mtoto yule dawa zake ni za kuingia na kutoka. Anachomwa sindano wodini siku kadhaa, kisha anaruhusiwa apumzike nje, kisha anarudi tena, na inakwenda hivyo miezi mingi. Hizo siku za nje ndizo zinazoua watu. Liwale si karibu, mvua ikinyesha hakupitiki, na daktari hataki mtoto aende mbali. Mwanamkuu hana ndugu Dar es Salaam. Basi mtoto akiruhusiwa walikuwa wanatandika mkeka kwenye baraza la jengo moja kule Upanga, mtaa wa pili kutoka hospitalini, na asubuhi mlinzi anawaondoa kabla wenye ofisi hawajafika. Nilimwambia nina chumba kimoja kitupu uani, aje akae wiki moja.

Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Akaja na mwenzake waliyejuana wodini, mwenzake akaja na mwingine. Wapangaji wangu walipohama mmoja mmoja sikutafuta wengine. Mama Blandina, nesi mstaafu, ana chama chake kidogo kilichosajiliwa cha kuwasaidia wazazi wa namna hii, naye aliposikia akaanza kuja. Alinifundisha mambo ambayo sikuyajua, kwamba mtoto anayetumia dawa hizo hana kinga, mafua ya kawaida yanaweza kumwondoa. Kwa hiyo kila mtoto ana beseni lake na kikombe chake, havichanganywi, na vyote vinatoka dukani kwangu, vile vilivyobonyea ambavyo haviuziki. Uani wanapika kwa zamu. Wamakonde, Wayao, Wangindo, Wanyakyusa, na mimi Mchagga wao mmoja ninayelalamikia chumvi. Polycarp aliniuliza kwenye simu kama niliota ndoto au nimeokoka. Sikuota, na imani yangu ni ileile niliyobatizwa nayo. Nina vyumba, na wao wanalala nje. Mimi ni mfanyabiashara, Melkiori, siwezi kutazama stoo tupu upande huu na mzigo unanyeshewa na mvua upande ule nikatulia.

Turudi kwenye ule ukuta. Muuza kahawa alinieleza kwamba siku chache kabla ya Mwaka Mpya walikuja vijana na kamba za kupimia, wakapima mbele, wakapima ubavuni, wakapaka rangi, wakaondoka bila kumsemesha mtu. Akina mama wale walisimama barabarani wakiitazama ile X. Kisha wakaingia ndani, wakafagia, wakafunga mizigo, wakabeba watoto. Hakuna aliyebishana, hakuna aliyeuliza. Watu waliokwisha kuondolewa barazani kila asubuhi hawaulizi.

Nilichukua bajaji mpaka Upanga. Niliwakuta kwenye baraza lilelile, Mwanamkuu na mwenzake mmoja kutoka Tunduru. Mwanamkuu aliponiona alisimama kwa haraka, akaanza kuniomba radhi. Alisema wameacha beseni moja limepasuka na kwamba wangelilipa. Nilipomuuliza kwa nini hakunipigia simu, aliinamisha kichwa, na ilinichukua muda kumtoa neno. Alisema aliona haya. Alidhani nyumba nimeshaiuza, na kwamba nilisafiri kwenda Kibosho kwa makusudi ili wasione uso wangu wakati wanaondoka, kwa kuwa nilishindwa kuwaambia kwa mdomo. Hakunilaumu. Alisema nimewasitiri muda mrefu na kila jambo lina mwisho wake.

Melkiori, nimesemwa mengi katika maisha yangu. Nimeitwa mwanamke mkaidi, nimeitwa mchoyo, nimeitwa kuku asiyetaga. Hakuna lililonichoma kama lile la kudhaniwa kwamba nimewakimbia.

Sofia hakuwepo pale barazani. Alikuwa amerudishwa wodini kabla ya siku yake, kifua kimebana kwa sababu ya kulala kwenye sakafu na upepo. Alikaa huko akiwekewa hewa, na Mama Blandina hakunificha, aliniambia nisali. Ametoka juzi. Sasa hivi ninapoandika yuko uani, ana kofia ya sufu kwenye joto hili na anakataa kuivua, anahesabu vifuniko vya chupa za chai. Kwa huyo tumshukuru Mungu. Lakini kulikuwa na mama mwingine, kijana wa Tandahimba, ana mtoto wa kiume aliyekuwa amebakiza dozi kidogo tu. Huyo alipoiona ile X aliona ni ishara kwamba Mungu amechoka nao. Alipanda basi akarudi kwao. Namba yake haipatikani. Mama Blandina ametuma watu wa kule wamtafute, na kila simu ikilia naacha ninachofanya.

Nilimwita Jovin. Hakunidanganya, na kwa hilo nampa haki yake. Alisema ni yeye aliyewaleta mafundi wa mwekezaji. Alisema zile X hazikuwa za kubomoa, ni alama tu za mafundi kujua wamepima wapi, na kwamba alichagua siku za Krismasi kwa nia njema, ili nisisumbuliwe, akijua Wachagga wote tumepanda kwenda nyumbani na mji umebaki mtupu. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa letu sisi peke yetu. Tukishapanda mlimani Desemba tunadhani Dar es Salaam imezimwa kama taa, tutaiwasha tukirudi. Hakufikiri kwamba kuna watu ambao nyumba ile ndiyo nyumbani kwao Krismasi na siku nyingine zote. Kisha akaniambia kwamba wewe ulijua. Alisema alikupigia kuuliza, nawe ukamjibu kwamba kupima si kubomoa.

Nilikasirika. Sitakuficha. Nilikasirika mpaka nikafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya tangu msiba wa Mama, na Moza akaja kugonga akidhani nimefia ndani. Nilikukasirikia wewe kuliko Jovin, kwa sababu Jovin ni kijana mwenye haraka na wewe ni mtu uliyekuwa unakata nyama pembeni yangu huku ukijua. Ungeweza kunigusa mguu tu. Ungeweza kuniambia, dada, usicheke.

Hasira ilipopungua ilikuja hofu, na hiyo haijapungua. Nilikwenda Kibosho kwa sikukuu tu. Nilikuwa hai, na simu mkononi, na tiketi ya kurudi. Na siku hizo chache zilitosha nyumba kuwa tupu na mtoto kuwekewa hewa. Basi nikajiuliza, siku nitakayopanda kwenda Kibosho nikiwa ndani ya jeneza, hali itakuwaje. Jibu nilikuwa nimeshaonyeshwa. Si watu wengi wanaopewa nafasi ya kuona mambo yatakayotokea wakishakufa, halafu wakarudi na muda wa kuyarekebisha.

Kwa hiyo nimeandika wosia. Wakili wangu ni msichana anaitwa Caroline, ofisi yake iko ghorofani hapahapa Mchafukoge, na licha ya umri wake anauliza maswali kama polisi. Nimempa kila kitu wazi. Nyumba ya Mchafukoge, kiwanja na kilichosimama juu yake, naiacha kwa chama cha Mama Blandina, iwe mahali pa kulala wanaouguza watoto kutoka mikoani, isiuzwe na isigeuzwe maduka. Nilidhani kazi ingekuwa kumshawishi Mama Blandina, maana ni mtu wa kukataa vitu. Yeye alilia kidogo, kisha akaniuliza kama paa linavuja. Linavuja, nimemwambia nitaliziba kabla sijafa. Mali iliyomo dukani namwachia Jovin. Ameifanyia kazi, na makosa yake hayafuti jasho lake. Nilipomsomea hapo aliniambia bado anaona ninatupa ghorofa. Nikamwambia kweli, ninalitupa, tena naangalia linakoangukia.

Habari hazikukaa. Polycarp alinipigia kabla hata wino haujakauka. Alisema mengi, na mengine sitayaandika kwa heshima ya baba mkubwa. Alisema mali ya Mchagga haitoki nje ya ukoo. Alisema ninawapa watu wa Kusini, ambao hata dini si moja, kitu ambacho watoto wa mdogo wangu wangekitumia. Nilimjibu kwamba homa ya mtoto haijaniuliza dini mpaka leo. Ndipo akalisema lile alilokuwa amelibeba. Alisema anayetoa mali nje ya ukoo asitegemee ukoo umpokee, na kwamba sitazikwa kihambani kwa Baba, kwenye ardhi ya ukoo.

Unajua mahali Baba aliponionyesha. Aliniita mimi peke yangu, akanipeleka pale upande wa chini karibu na alipolala Mama, akaniambia binti asiyeolewa hana kwa mume, kwa hiyo hapa ni pako, hakuna wa kukuuliza. Nikiwa nimechoka hapa mjini, na kelele za Kariakoo zimenijaa kichwani, huwa nafikiri pale. Nafikiri ubaridi wake na majani ya migomba yanavyogusana. Lile neno la Polycarp liliniumiza, na nilipokata simu nililia. Moza alikuwepo, muulize.

Lakini nilipomaliza kulia nilijikuta niko palepale nilipokuwa. Nimeshazungumza na paroko wangu. Kama bei ya nyumba hii ni kaburi langu, mnizike Kinondoni, pamoja na watu ambao nao walikuja mjini kutafuta wakakosa wa kuwarudisha. Sitabadilisha hata nukta. Nimeshaamua, na nimeandika hivyo mbele ya wakili nikiwa na akili zangu timamu na njaa kidogo.

Sasa nakuja kwenye ombi, ndilo lililonifanya nikuandikie. Wakili Caroline ameniambia kwamba wosia wa mtu kama mimi unahitaji mashahidi wanaojua kusoma na kuandika, wanaosimama pamoja na kuniona nikisaini, mmoja awe mtu baki na mwingine awe wa ukoo. Mtu baki ni Moza, ameshakubali na ameshanunua kalamu. Wa ukoo namtaka uwe wewe. Si Theopista, ingawa dada yetu ameniambia yuko tayari kusafiri hata kesho. Si Polycarp, ambaye angekuja, angekula, na angeondoka bila kusaini. Wewe. Siku nitakapokufa ukoo utakaa, na watamgeukia mtu mmoja kumuuliza kama dada alikuwa na akili zake, kama hakulishwa kitu na wale wanawake, kama wosia ni wake kweli. Watakugeukia wewe. Theopista akisema ndiyo watasema ni mwanamke mwenzangu. Wewe ukisema nilikuwepo, niliona, nilisaini, hakuna atakayekwenda mahakamani, na Polycarp atatafuta ukoo mwingine wa kuusemea. Najua hupendi Dar. Najua ulipokuja mara ile moja ulisema hewa ya huku imeshatumiwa na watu wengine. Njoo hivyohivyo.

Na kabla hujakubali nikuambie jambo ambalo wakili alinieleza, kwa sababu sitaki uje ulisikie kwake. Shahidi haruhusiwi kurithi. Anayeshuhudia wosia jina lake halitakiwi kuwa ndani kama mpokeaji, hata wa kikombe kimoja. Ukisaini, Melkiori, umesaini kwamba hupati chochote kwangu, na umesaini ukijua.

Aliponieleza hivyo aliniuliza ni nani katika ukoo wangu ambaye singependa arithi, ili tumweke yeye kuwa shahidi. Nilicheka mpaka nikajifuta macho. Nilimwambia katika ukoo wote kuna mtu mmoja tu ambaye ningependa arithi kila nilicho nacho, kwa sababu nilimbeba mgongoni kutoka mferejini na nikampa nusu ya ndizi yangu kila siku ya utoto wetu, na huyo huyo ndiye ninayemtaka asaini. Msichana yule aliacha kuandika. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia aandike jina lako kwa K, si kwa C.

Najua ninachokunyima. Kwa desturi ni chako, wala sitakuambia kwamba hukihitaji, maana watoto unao na mahitaji nayaona. Sina cha kukufidia. Nakuomba tu ukitoe na wewe, pamoja nami, kwa mkono wako. Nikikitoa peke yangu watasema ni kichaa cha bibi asiye na mtoto. Tukikitoa wawili ni sadaka ya nyumba ya Baba. Kuhusu kaburi sitakuomba chochote. Hilo utaamua wewe, na usilifunge kwenye sahihi. Hata ukikataa kuja, nitakuelewa, nitamwita Theopista, na bado utakuwa mdogo wangu.

Ile X bado iko ukutani. Jovin alinunua rangi nyeupe, tena ya fedha yake mwenyewe, akataka kuipaka. Nimemwambia aiweke stoo mpaka ufike, nataka uione kama walivyoiona wao. Utalala chumba cha mbele chenye feni. Asubuhi utaamshwa na watoto, wengine wanalia kwa sababu ni siku ya kwenda kuchomwa, wengine wanagombania mabeseni. Usiwaulize ni wa nani.

Nisalimie sana wifi Ritha, mwambie kitenge alichoniagiza kipo na Jovin anacho begini. Wasalimie majirani wote wa huko juu, na jumuiya. Polycarp naye msalimie, mwambie hasira zangu kwake zimepoa nusu, nusu nyingine nitamletea Desemba. Sofia ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia namwandikia mdogo wangu, akasema nikuamkie. Basi pokea shikamoo yake.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliye na akili timamu,

Evarista